Mtani Hatoki Bure

Salehe alikuwa amefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda, kana kwamba mtu mwenye mbavu zilizovunjika na jicho lililofumba angeweza kuruka dirishani akakimbilia Dodoma.

Inspekta Semeni Mhando alivuta kiti, akakaa, akafanya kile alichokifanya kila alipokutana na Mluguru, awe padri au mwizi. Akamchokoza. Yeye alikuwa Mzigua wa Turiani, na Mzigua akimwona Mluguru asipomtania huonekana mgonjwa.

"Mluguru, jua limetoka na wewe bado umelala? Kabichi zenu anapalilia nani?"

Salehe aligeuzia uso ukutani.

"Au umekipenda kitanda cha serikali. Huko kwenu mnalala mmeegemea mlima, mguu mmoja mrefu mwingine mfupi."

Konstebo Abdulswamad alikohoa pale mlangoni. "Afande, huyu kapigwa na kijiji kizima."

"Ndiyo maana namuuliza kwa mdomo. Kwa magongo ameshaulizwa."

Mambo yalikuwa hivi. Margareth Kobelo, ambaye nchi nzima ilimwita Magi wa Milimani, alikuwa ametoa albamu ya Krismasi, nusu nyimbo zake mwenyewe, nusu zile za zamani ambazo kila mtu alizisikia kanisani akiwa mgongoni kwa mama yake. Akapanda kwao Lusangule, juu ya Mgeta, kutafuta mahali pa kupiga video kwenye maporomoko ya maji. Aliyempandisha kwa pikipiki ni Salehe. Jioni Magi akakutwa chini ya mwamba, shingo imevunjika. Salehe akakutwa barabarani, amebeba begi la Magi. Watu wakajumlisha wenyewe. Pikipiki wakaichoma, viatu wakamvua, na wakati polisi wanafika walikuwa wanabishana kama wamchome naye au wangoje mvua ipite.

Na mkuu wa upelelezi alikuwa ameshasema: Magi akizikwa leo, kesho faili la Salehe linakwenda kwa mwanasheria wa serikali. Mauaji. Kesi ya mauaji haina dhamana. Mtu huingia mahabusu na ndevu za kwanza, akatoka na mvi, upelelezi bado haujakamilika.

"Nina swali moja tu," Semeni alisema, sasa bila utani. "Ulipomwacha njiani, alikuwa amevaa nini miguuni?"

Jicho zima la Salehe lilimgeukia. Midomo yake ilikuwa imepasuka, maneno yalitoka yakichechemea.

"Raba nyeupe. Na njuga."

"Njuga gani?"

"Za ngoma. Alitoka nazo kwa bibi yake asubuhi ile. Alizifunga miguu yote miwili. Njia nzima nyuma yangu, cha, cha, cha. Nikamwambia dada, unanitia wazimu. Akacheka. Pikipiki ikafika mwisho wa njia, akanipa begi, akasema nisubiri hapo hapo, huko mbele kunateleza. Nikasubiri."

Semeni alimtazama Abdulswamad. Abdulswamad akatikisa kichwa. Mwili ulifika chumba cha maiti bila njuga. Juu ya vifundo vya miguu kulikuwa na alama za kamba, daktari akaandika ni za soksi. Begi lilipekuliwa hadi kwenye pindo. Eneo la mwamba lilipekuliwa, wakakuta raba moja na ganda la ndizi.

Nje kwenye korido, mlinzi alikuwa amewasha simu yake. Ilikuwa sauti ya Magi. Wimbo uitwao "Mtoto Kazaliwa Mlimani" ulipandishwa mtandaoni asubuhi iliyofuata kifo chake, na juu yake maneno haya: SAUTI YAKE YA MWISHO. Tangu hapo haukuwa na mpinzani. Ulipigwa stendi, ulipigwa saluni, ulipigwa hata na wauza kanda za mawaidha. Sauti ilianza peke yake, bila ala, halafu taratibu nyuma yake kikaingia kitu kikitingishwa. Cha, cha, cha.

Salehe alijaribu kuinuka. Pingu ikamrudisha.

"Hizo," alisema. "Ndiyo hizo hizo."

* * *

Barabara ya kwenda Mgeta wakati wa mvua za Desemba haina urafiki na mtu. Gari la polisi lilipanda kwa kuomba na kushuka kwa kuteleza, na walipofika Lusangule msiba ulikuwa umeshajaa. Turubai lilifungwa kati ya mashina ya miti ya plamsi. Chini yake wazee, pembeni vijana, ndani ya nyumba wanawake. Spika mbili ndefu kuliko mlango zilisimama uani, na baina yake bango la Magi akiwa amevaa kofia nyekundu yenye manyoya meupe, na kofia yenyewe imetundikwa kwenye kona. Chini ya picha yake palikuwa na namba ya kununulia albamu.

"Wameweka bei msibani," Abdulswamad alinong'ona.

"Afadhali. Wengine huweka deni."

Semeni alijifunga khanga juu ya suruali, akaingia kwa wanawake. Bibi Mwaisha, aliyemlea marehemu, alikuwa ameketi mkekani, amejifunika gubigubi hadi usoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani?"

"Mtani wako, Mzigua. Nimekuja kuona kama kuna ubwabwa."

Chini ya khanga mabega yalitikisika kidogo. Huenda ilikuwa kicheko, huenda siyo.

"Nyie hata tukifa hamtuachi."

"Tuwaachie nani? Bibi, nisamehe. Njuga za Magi alizitoa wapi?"

Vidole viliivuta khanga karibu zaidi. Kisha bibi akasema, bila kufunua uso, "Kwenye dari yangu. Za babu yake. Tangu afe hazikushuka. Asubuhi ile aliniambia, bibi, huko mjini wimbo wa Krismasi wanautilia vikengele vya farasi wa kwenye theluji, mimi theluji nimeiona wapi? Nataka Yesu azaliwe kwetu. Nikamshushia. Nikamfunga mwenyewe miguuni, asubuhi ile ile."

"Ukiziona utazijua?"

"Njuga moja ilipasuka, mume wangu akaikaza kwa waya wa breki ya baiskeli. Kuziona ya nini? Hata kwa sikio." Akavuta pumzi. "Nimeuliza alipoletwa. Wanasema hakuwa nazo."

Semeni alitoka akiwa amebeba alichokifuata. Wimbo ulirekodiwa siku ya kifo, maana kabla ya siku hiyo njuga zilikuwa darini zinakula masizi. Na Lusangule hakuna mtandao hata wa kutuma neno moja. Watu wa harusi hukodi mtambo wao wa satelaiti, na watu wa msiba leo wamefanya hivyo hivyo. Kwa hiyo sauti ile haikuruka angani. Ilishuka mlima mkononi mwa mtu.

Alianza na Castory.

Castory alikuwa prodyuza, mwenye studio Kilakala, mtu mwembamba mwenye bandeji mkono mzima wa kulia. Wiki mbili nyuma yeye na Magi waligombana hadharani. Magi alisema biti alizoziweka kwenye nyimbo za zamani zinafanana na mtu anayepepeta mchele kwenye bati. Castory akasema ataona. Neno "ataona" lilikuwa limefika polisi kabla ya maiti.

"Castory wa Kilakala," Semeni alimwita kwa furaha kama aliyeonana na shemeji. "Mkono umeng'atwa na mbuzi au na dhamiri?"

"Nimeungua, afande. Pasi ya kuunganishia nyaya."

"Pole." Akaushika ule mkono kwa upole, kisha akaubana.

Castory alipiga ukelele, wazee wakageuka. Semeni alishaivuta bandeji. Chini yake palikuwa na malengelenge yaliyopasuka, mstari mmoja, mnene kama penseli. Kucha za mtu anayeanguka haziachi alama ya namna hiyo.

"Kweli umeungua," alisema, akairudisha bandeji. "Samahani. Nilitaka uwe wewe, ungenirahisishia safari. Huo wimbo wa mwisho uliuchanganya wewe?"

"Niliusafisha tu." Macho yalikuwa yanamtoka machozi. "Sauti niliipata tayari. Collins aliniletea kwenye kadi, usiku, siku ile ile aliyofariki. Akasema usiguse hizo njuga, ziache. Akasema huu uende asubuhi."

"Usiku ule wewe ulishajua kuwa amefariki?"

"Hapana. Niliamka nikaona mtandaoni. Hata maneno ya SAUTI YAKE YA MWISHO niliyaona huko, kama wewe."

"Na Collins akiwa anakupa hiyo kadi alionekanaje?"

Castory alifikiri. "Ana haraka. Na viatu alivivulia nje. Hajawahi kuvua viatu studioni kwangu."

* * *

Collins Mrema, meneja, alikuwa amesimama karibu na spika, miwani ya jua kwenye ukungu, anapiga picha za moja kwa moja kwa simu iliyofungwa kwenye kijiti. Alikuwa mtu mwenye sauti nzuri ya kutangazia bidhaa. Alipomwona Semeni aliishusha simu, lakini hakuizima.

"Inspekta. Mmeshamfikisha mahakamani yule muuaji?"

"Anapona kwanza. Hatupeleki mahakamani nyama ya kusaga." Semeni alitazama bango. "Albamu inakwendaje?"

"Mungu ni mwema."

"Mungu ni mwema sasa. Nilisikia wiki ya kwanza alikuwa amelala."

Collins alitabasamu, kwa sababu alikuwa anapenda kuelezea kazi yake. "Ngoja nikufundishe kitu, mama. Albamu ya Krismasi ni kama keki ya harusi. Siku ikipita hakuna anayeiuliza. Unapigana mwezi mmoja, halafu Januari watu wanakutazama kama mgeni aliyesahau kuondoka. Lakini marehemu?" Akainua mabega. "Marehemu hana msimu. Sipendi iwe hivyo. Ndivyo soko lilivyo."

"Soko halina adabu," Semeni alikubali. "Huo wimbo wa njuga mtamu jamani. Mlirekodia wapi?"

Simu ilisogea kidogo mkononi mwake.

"Studio. Kwa Castory. Kama wiki mbili nyuma."

"Na njuga?"

"Alinunua sokoni, Morogoro mjini. Nilikuwepo mwenyewe. Tulipatana bei, mama mmoja hivi muuza vitu vya asili. Magi alizipenda sana, alirekodi amezivaa."

"Huku juu Lusangule ulishawahi kufika?"

"Leo ndiyo mara ya kwanza. Angalia viatu vyangu." Vilikuwa vipya, vyeupe, vimekwisha kuchafuka kwa tope jekundu. "Mimi mtu wa Dar. Milima naiona kwenye kalenda."

Semeni aliagana naye kwa mikono miwili. Walipofika nyuma ya nyumba Abdulswamad alikuwa anahema.

"Afande, amedanganya. Tumkamate."

"Kwa lipi? Bibi kizee anasema njuga zilikuwa darini. Kijana wa mjini anasema alinunua sokoni. Wakili atasimama atauliza, mheshimiwa, njuga ziko wapi? Tutamwonyesha nini, wimbo?"

"Basi tupekue gari lake."

"Tukizikuta atasema tumemwekea. Na kijiji hiki kilichomtaka Salehe kitasema Salehe ndiye aliyetukabidhi. Nataka azitoe kwa mkono wake, Abdulswamad. Mbele ya watu. Na kwa kuwa yeye mwenyewe ana watazamaji, mbele ya nchi."

"Nani atamlazimisha?"

Semeni aliangalia bondeni. Chini ya shamba la njegere, vijana walikuwa wanamalizia kaburi.

"Mimi si polisi tu hapa," alisema. "Mimi ni mtani."

* * *

Jeneza liliteremshwa kwenye njia nyembamba, katekista mbele, kwaya nyuma. Mzee Fransisko, mjomba wa marehemu na ndiye mwenye msiba kwa desturi zao, alitembea pembeni akiwa ameshika ubao wa jeneza kama anayemsindikiza mtoto shuleni. Walipofika kaburini walisimama. Hawakuwa na namna. Kaburini alikuwemo mtu.

Inspekta Semeni Mhando alikuwa amelala chali kwenye udongo mbichi, khanga imemfunika kifuani, kichwani amevaa kofia nyekundu yenye manyoya meupe aliyoinyofoa kwenye bango.

Katekista akafanya ishara ya msalaba. Abdulswamad alitazama angani. Wazee wa Kiluguru, ambao asubuhi nzima hawakuwa na sababu ya kutabasamu, walianza kuguna kwa namna inayokaribia kicheko.

"Mzigua!" Mzee Fransisko alisema. "Toka. Mtoto anataka kulala."

"Hapa nimelala mimi." Semeni aliibana pua, akaiigiza sauti ya Magi ya redioni, vibaya kabisa. "Haloo mashabiki! Mimi Magi wa Milimani. Nimekuja kukaa kwa Waluguru, wachoyo hawa, wanaozika mtu kwa spika za kukodi. Sitoki! Mtani hatoki bure. Nipeni kitu cha marehemu ndiyo nitoke."

Collins alikuwa amesogea mstari wa mbele, kijiti kimeinuliwa. Macho yake yalikuwa kwenye kioo, ambako namba ya watazamaji ilikuwa inapanda.

"Hii nini?" alimuuliza kijana aliyekuwa kando yake, Yusuph, mmoja wa vijana wa kijiji, aliyevaa buti nyeusi za pikipiki.

"Utani," Yusuph alimwambia. "Hatoki mpaka apewe. Na hukasiriki. Ukikasirika, umejiaibisha."

Mzee Fransisko alitoa sweta ya shule, ya bluu, iliyotoboka kiwiko. Semeni aliipokea, akainusa, akairudisha.

"Hii inanuka hesabu. Sitaki."

Wakacheka, wengine huku wanalia. Castory akatoa spika za masikioni alizotumia Magi studioni. Zikarudi.

"Hizi zimeshajaa nta. Sitaki! Mimi msanii. Nataka kitu cha wimbo. Meneja wangu yuko wapi? Collins! Collins wa Dar! Mbona umenikalia kimya? Uliniuza mwezi mzima, leo huna hata sindano yangu ya nywele? Au kazi yako ilikuwa kunipiga picha?"

Watu wote wakageuka. Collins alicheka kicheko cha mtu anayejua anatazamwa.

"Meneja mkavu huyu," Semeni aliendelea kutoka chini. "Jamani mashabiki mlioko huko, mmemwona? Viatu vyeupe, mkono mtupu! Anauza machozi yenu kwa rejareja."

Maneno yalipanda kwenye kioo cha simu, moja juu ya jingine. *Mpe kitu bro. Wacha ubahili. Meneja kaishiwa hahaha.* Collins aliyasoma. Taya lilimkaza. Halafu, pole pole, uso ukanyooka: alikuwa ameona biashara. Kitu ambacho angekipiga mnada Januari, hapa angekipandisha bei bila gharama, machozi yakiwa bado mabichi, na hadithi yake ya sokoni ikiwa imepata ushahidi.

"Ngojeni," alisema.

Alipanda hadi kwenye gari. Alirudi na mfuko mweusi, akaiweka kamera sawa, akatia mkono.

"Ndugu watazamaji," alisema kwa ile sauti nzuri. "Hizi ndizo njuga mnazozisikia kwenye wimbo. Tulizinunua pamoja sokoni. Alizivaa studioni siku ile anarekodi. Nimezitunza kama roho yangu. Leo, kwa heshima ya mila…"

Akazitingisha.

Cha, cha, cha.

Juu, nyumbani, kati ya wanawake waliobaki na wafiwa, kulitokea sauti ya mkeka kukunjuka. Bibi Mwaisha, ambaye tangu juzi alikuwa akinyanyuliwa hata kwenda msalani, alisimama peke yake. Akatoka nje, khanga imemwanguka mabegani, akaanza kuteremka njia ya njegere akiwa anaita.

"Magi? Magi, umerudi?"

Kwaya ikampisha njia. Collins aliacha kutingisha, lakini njuga hunyamaza kwa muda wake.

Bibi alifika. Akaona jeneza. Akaona mfuko, mkono, njuga. Alizichukua kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu, vidole vyake vikatembea kwenye kamba, vikasimama.

"Waya wa breki," alisema.

Semeni alikuwa ameshakaa kitako kaburini, kofia bado kichwani. Sauti ya redioni haikuwepo tena.

"Bibi, ulimpa lini?"

"Asubuhi aliyokufa. Nilimfunga kwa mikono hii."

"Collins. Ulisema sokoni. Wiki mbili nyuma."

"Zinafanana," Collins alisema. "Njuga zote zinafanana."

"Zote zimekazwa kwa waya wa breki ya baiskeli ya marehemu babu?"

"Sikiliza, alinipa mwenyewe. Alinipa kwa hiari yake, akiwa hai…"

"Kwamba alikuwa hai, hilo naliamini. Ninachotaka kujua ni kama aliondoka akiwa hai hapo mlipokuwa mmesimama."

Simu ilikuwa bado inarusha. Collins aliikumbuka kwa kuchelewa, akakitupa kijiti chini, kikaangukia tope, kamera juu, kikaendelea kuonyesha anga la Uluguru kwa watu laki moja.

Halafu kijiji kikaamka.

Jiwe la kwanza lilimpata Collins begani. Yusuph ndiye aliyelirusha, yule mwenye buti. La pili lilimpata mgongoni. Sauti ya wanaume ikawa moja, ile ile iliyokuwa barabarani siku ya Salehe, haijali jina, inataka mwili tu. Mtu alikuwa ameshang'oa nguzo ya uzio wa shamba.

Semeni alinyoosha mkono, akamshika Collins kwenye mkanda, akamvuta. Aliingia kaburini kichwa mbele. Inspekta akakaa juu yake.

"Rusheni!" aliita. "Rusheni, Waluguru! Atakayerusha ananirushia mimi, na mimi mtani wenu nimo kaburini, halali yangu. Hamjui laana yake? Waulizeni wazee!"

Nguzo ilisimama hewani. Mzee Fransisko akaushika mkono wa kijana aliyeibeba.

"Mna njaa bado?" Semeni alihema. "Mmeshakula mmoja ambaye si wake. Salehe amelala hospitali, jicho moja, na huenda hilo jingine lisione vizuri tena. Kesho alikuwa anakwenda gerezani kwa sababu yenu. Na wewe." Alinyoosha kidole. "Yusuph. Hizo buti ni za nani?"

Yusuph alitazama miguu yake kana kwamba ilikuja na mtu mwingine.

"Zivue."

"Afande…"

"Zivue, umpe konstebo. Utabaki peku kama alivyobaki mwenzio. Kwako ni shamba tu, hapatakuchoma sana."

Akazivua. Watu walimtazama akizivua, na kila mmoja alikuwa na lake la kutazama chini. Abdulswamad alipomfunga Collins pingu, Semeni alikuwa bado hajanyanyuka juu yake; ilibidi amfungie mle mle. Ndipo Inspekta Semeni akatoka, akajikung'uta udongo, akaivua kofia na kumpa bibi. Bibi hakuitaka. Alikuwa amezishika njuga kifuani.

"Hizi nitaziazima kwako," Semeni alimwambia kwa upole. "Ni ushahidi."

"Hata hizi?"

"Hata hizi, bibi."

Hilo hakulitania.

Njiani kushuka, mtandao uliporudi, simu ya Abdulswamad ililia mfululizo. Aliitazama, akasita.

"Afande. Wimbo. Umepita nyimbo zote za nchi. Albamu nzima imepanda tena."

Kiti cha nyuma, Collins alifumbua macho. Alikuwa na tope la kaburi hadi kwenye meno, na bado, kwa sekunde moja, uso wake ulipiga hesabu.

* * *

Wodini mlinzi alikuwa yule yule. Semeni alimwambia azime simu, akazima.

Aliziweka buti juu ya shuka, miguuni pa Salehe. Akampa habari kwa ufupi: aliyefanya ni meneja, aliyetaka sauti ya marehemu ya kuuza, naye amekamatwa, njuga zimepatikana, faili limefungwa, hakuna kesho ya mahakama. Kijana alimsikiliza akitazama dari. Ufunguo ulipoingia kwenye pingu ulikwaruza, ukageuka, ikafunguka.

"Haya, Mluguru. Uko huru. Nenda kwenu ukapande mlima, huku tambarare mnatembea mmeinua magoti."

Salehe hakuutoa mkono. Aliuacha pale pale, ndani ya chuma kilichofunguka.

"Salehe. Nimesema uko huru."

"Sitoki," alisema.

"Nini?"

"Mtani hatoki bure." Mdomo uliopasuka ulijaribu kupanda upande mmoja, ukashindwa. "Nataka pikipiki yangu."

Semeni alifungua mdomo. Serikali hailipi pikipiki iliyochomwa na wananchi. Kijiji hakiwezi kulipa, na hata kikiweza hakitajua nani alishika kiberiti. Alikuwa na maneno kwa kila Mluguru aliyewahi kuzaliwa, na hapo hakulipata hata moja.

"Nimekuletea buti," alisema mwishoni.

Salehe aliiangalia jozi hiyo kwa jicho moja, kwa muda, kama mteja.

"Basi nalala," alisema, akalifumba jicho lile.

Pingu ilikuwa wazi. Mkono ulikuwa bado ndani.